Konteri Iliyosimama na Barua Niliyoipasua



Wiki hii nawaletea habari ya motokari yetu. Wengi mmekwisha kusikia nusu yake sokoni, na nusu ya habari ni mbaya kuliko kutosikia kabisa. Nitaieleza yote, pamoja na sehemu inayoniletea haya mimi mwenyewe.

Motokari yetu mnaijua: pikapu ya zamani ya Japani, usukani upande wa kuume, rangi nyeupe ambayo vumbi limeigeuza kuwa kama chai ya maziwa. Tuliinunua kwa franga za likelemba na michango ya miaka 3. Ndiyo inayoleta mahindi, makala na mboga kutoka mashamba ya barabara ya Likasi mpaka Lubumbashi. Ikisimama wiki moja, kuna nyumba zinazolala bila bukari.

Mnajua pia sheria tuliyoiweka. Kila safari shofere anaandika kwenye daftari namba ya kilometa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Mama mtunza feza anapiga hesabu: lita 12 za mazutu kwa kila kilometa 100. Kinachozidi lazima kielezwe.

Siku ya posho, mwishoni mwa mwezi uliopita, mama mtunza feza aliweka daftari juu ya meza, akalifungua, wala hakusema neno. Tukaangalia. Safari tatu zilifuatana na namba ilikuwa ileile: 87 412 kutoka, 87 412 kurudi. Lakini mazutu ilikuwa imenunuliwa kwa safari zote tatu. Halafu akafungua kurasa za nyuma, akatuonyesha kwamba hata kabla ya konteri kusimama, mazutu ilikuwa inazidi kidogo kila mwezi, lita 11, lita 12.

Mama mmoja akasema: "Konteri imesimama, lakini mazutu haikusimama." Tukacheka, kisha kicheko kikaisha. Kila mmoja wetu amekwisha kusikia juu ya mashofere wanaofungua kabule ya konteri, wanafanya safari zao za pembeni, halafu wanaifunga tena. Papa shofere wetu alikuwa amekaa nje, chini ya mti wa maembe. Tukamwita. Akasema neno moja tu: "Wamama, mimi sikuigusa." Tukamwambia arudi nje.

Nusu saa baadaye tulikuwa tumekata shauri kumwachisha kazi. Mimi ndiye mwandishi wa ushirika, basi kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika salamu, niliandika tarehe ambayo angeacha kazi. Nilipofika mahali pa kuandika sababu, nikaanza: "Kwa kuwa ulifungua kabule ya konteri..." na hapo mkono ukasimama. Maana kabule hiyo sikuwa nimeiona. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameiona.

Kwenye kalasi ninafundisha hesabu na fizikia. Mwanafunzi akiniletea jibu bila kuonyesha njia aliyopita, ninamrudishia karatasi hata kama jibu ni la kweli. Na pale nilikuwa ninaandika jibu lisilo na njia, juu ya mtu ambaye binti yake amekaa dawati la pili kalasini kwangu na anangoja baba yake alipwe ili amalize minervali. Nikawaambia wamama: "Nipeni siku tatu. Motokari yenyewe itatuambia." Wengine walinung'unika. Mama prezidenti akakubali, lakini akasema barua ikae tayari.

Sasa niwaeleze namna konteri ya motokari za zamani inavyofanya kazi, kwa sababu bila kujua hilo hatutaelewa kilichofuata.

Nyuma ya bwati ya vitesi kuna kigurudumu kidogo cha meno, mara nyingi cha plastiki. Magurudumu ya motokari yakizunguka, nacho kinazunguka. Kigurudumu hicho kinazungusha kabule, ni kusema uzi wa chuma uliosokotwa, unaopita ndani ya mpira mrefu kutoka chini ya motokari mpaka nyuma ya tablo mbele ya shofere. Katika motokari nyingi za Japani, uzi huo unazunguka mara 637 kwa kila kilometa moja.

Ukifika kwenye konteri, uzi unafanya kazi mbili. Ya kwanza, unazungusha sumaku ndogo. Karibu na sumaku kuna kikombe chepesi cha aluminiamu, na hivyo viwili havigusani. Sumaku inapozunguka inaamsha umeme kidogo ndani ya kikombe, na kikombe kinataka kuifuata. Springi nyembamba kama unywele inakizuia. Kadiri tunavyokwenda mbio, ndivyo kikombe kinavyovutwa zaidi na mshale kupanda. Mjerumani mmoja, Otto Schulze, ndiye aliyeandikisha njia hiyo mwaka 1902, na ilitumika katika motokari za dunia kwa karibu karne nzima. Kazi ya pili ni ya namba za kilometa. Hizo hazihitaji sumaku. Zinazungushwa na vigurudumu vidogo vya meno kutoka kwenye uzi uleule.

Basi, njia ni moja kutoka bwati mpaka konteri, halafu inagawanyika mbili: mshale upande huu, namba upande huu. Ni kama mfereji wa maji unaogawanyika kwenye nyumba mbili. Maji yakikosekana nyumba moja tu, utatafuta shida ndani ya nyumba ile. Yakikosekana nyumba zote mbili, utatafuta kabla ya mgawanyiko. Na konteri ni vivyo hivyo. Kama namba zinaendelea kuhesabu lakini mshale umelala, shida iko ndani ya konteri yenyewe. Kama mshale unapanda lakini namba hazitembei, ni ndani ya konteri pia. Kama vyote viwili vimekufa pamoja, mara nyingi ni kabule, au kigurudumu cha meno kule chini.

Siku ya yenga, baada ya ibada, tulikutana kwenye kiwanja cha mama prezidenti. Nilimwita kijana fundi wa jirani, na wamama wawili wawe mashahidi. Nilimwita pia papa shofere. Mama mtunza feza aliniuliza kwa sauti ndogo: "Unamwita mshitakiwa aje kufanya nini?" Nikamwambia: "Mgonjwa hawezi kusema. Aliyelala naye ndiye atakayetuambia ugonjwa ulianza namna gani."

Swali la kwanza nilimwuliza yeye: "Papa, kabla ya kufa, konteri ilifanya nini?"

Akajibu bila kufikiri: "Mshale ulicheza. Nikienda mwendo mmoja, wenyewe ulikuwa unaruka kutoka 40 mpaka 60, unarudi. Na asubuhi wakati wa baridi kulikuwa na sauti nyuma ya tablo, tik-tik-tik. Wiki mbili ilikuwa hivyo. Halafu siku moja sauti ikaisha, na mshale ukalala."

Fundi akatikisa kichwa. Mshale unaocheza ni dalili ya kabule iliyokauka au iliyopindwa vibaya: uzi unakwama kidogo, unajisokota, halafu unajifyatua mara moja, na mshale unaruka. Sauti ni ya uzi huo kupigapiga ndani ya mpira wake. Mtu aliyefungua kabule kwa hila hapati dalili hizo. Kwake konteri inakufa siku moja, kimya.

Nikamwuliza: "Kwa nini hukusema?"

Papa shofere akaangalia chini. Halafu akasema polepole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwingine: "Nilisema, mwalimu. Nilikuambia wewe, kwenye mlango wa kanisa. Ukanijibu kwamba motokari ya zamani haikosi kelele."

Wamama, nilikumbuka. Nilikuwa na haraka, nimebeba karatasi za mitihani, mtoto mgongoni. Alisema na mimi nikamjibu hivyo hivyo, nikapita. Na ni mimi tena niliyeandika barua.

Tukaanza kazi. Kabla ya kumwacha mtu yeyote aingie chini, motere ilizimwa, freni ya mkono ikavutwa, na tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ninaomba watoto wetu wajifunze hili: hakuna kuingia chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki peke yake.

Kwanza fundi aliangalia mahali pawili ambapo mtu wa hila angeweza kufungua kabule: nyuma ya tablo, na kule chini kwenye bwati. Nyuma ya tablo kulikuwa na vumbi la miaka, na utando wa buibui umeshikamana na kabule. Kule chini, nati inayofunga kabule ilikuwa imefunikwa na matope yaliyochanganyika na mafuta, magumu kama udongo wa chungu. Nati iliyofunguliwa karibuni ina alama za ufunguo, inang'aa kwenye pembe. Hii haikuwa na alama hata moja. Niliwaita mama mashahidi wainame waone kwa macho yao. Mmoja wao, ambaye siku ya posho alikuwa amesema kwa ukali kuliko sisi wote, aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, akasimama na kujipangusa magoti. Hakusema kitu.

Halafu fundi alilegeza skrubu za tablo kwa turnevisi, akaachanisha kabule na konteri. Tukatoa mawe, tukaachilia freni, shofere akaweka vitesi katikati, na vijana wanne wakasukuma motokari polepole kwenye kiwanja. Mimi niliangalia ncha ya uzi. Motokari ikitembea, hata kwa kusukumwa, ncha hiyo inapaswa kuzunguka. Kama inazunguka, kabule ni nzima na ugonjwa uko kwenye konteri. Kama haizunguki, ugonjwa uko chini zaidi. Walisukuma mita kumi. Ncha haikutikisika.

Tukarudisha mawe na freni. Ili kuwa na hakika kwamba konteri yenyewe haijafa, fundi alichukua kipande cha uzi wa kabule ya zamani, akakiingiza kwenye tundu la nyuma ya konteri na kukizungusha mbio kwa vidole. Mshale ukanyanyuka kidogo, ukashuka. Konteri ilikuwa hai. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mfuko wetu, maana konteri nzima ni ya bei, na wapo mafundi ambao wangetubadilishia hiyo kwanza, halafu tungekuta ugonjwa uko palepale.

Akavuta uzi wa kabule kutoka juu. Ulitoka mweusi, mkavu, bila alama ya grisi. Ulitoka, ukatoka, halafu ukaisha mapema. Ulikuwa umekatika. Kipande kilichobaki, urefu wa kama shubiri mbili, tulikitoa kwa upande wa chini. Tulipotazama mahali ulipokatikia, tulikuta mpira wa nje umelala juu ya bomba la moshi na umeyeyuka. Kishikio cha chuma kilichopaswa kuuweka mbali na bomba hakikuwepo.

Papa shofere akasema: "Kishikio kilitolewa siku ile tuliyotengeneza bomba." Na mimi nilikumbuka siku ile pia. Fundi wa siku ile alitaka franga kidogo za kutengeneza kishikio kipya. Kamati, ni kusema sisi, ilijibu kwamba kilichotuleta ni bomba tu. Basi joto la bomba lilikausha grisi, uzi ukaanza kukwama, ukacheza wiki mbili, ukakatika. Ndiyo hesabu yote, na kila mstari una alama ya mtu. Alama za papa shofere hazikuwepo.

Tuliangalia pia kigurudumu cha meno. Mkono ukiwa umefika pale, kuacha bila kuangalia ni uvivu, maana meno ya plastiki yanaweza kulika, na hapo kabule mpya isingesaidia kitu. Meno yalikuwa mazima. Fundi alibadilisha na kile kimpira kidogo kinachozuia mafuta ya bwati yasipande, maana mafuta yakipanda ndani ya kabule yanaweza kufika mpaka kwenye konteri na kuiharibu.

Kabule mpya tulinunua kwa wauzaji wa piesi. Tulikwenda na ile ya zamani mkononi ili kulinganisha urefu na ncha zote mbili, maana zinafanana kwa macho lakini hazilingani. Iligharimu pamoja na kazi dola 20. Fundi alipaka uzi grisi kidogo, kuanzia chini mpaka theluthi mbili za urefu. Sehemu ya juu aliiacha kavu ili grisi isiingie kwenye konteri. Akaupitisha mpira bila kuukunja kwa nguvu, mbali na bomba la moshi, na safari hii tulilipa kishikio.

Mngedhani habari imeisha hapo. Lakini kulibaki zile lita 11 na 12 za miezi ya nyuma, wakati konteri ilikuwa bado inatembea. Mama mtunza feza alisema, na alikuwa na haki kusema: "Sawa, kabule ilikatika yenyewe. Na lita zile?"

Basi tuliijaribu konteri. Safari iliyofuata ya kwenda Likasi nilikaa kando ya papa shofere, nikiwa na simu inayoweza kupima njia. Shofere aangalie barabara. Simu ishikwe na mwingine. Tulipofika, simu ilionyesha kilometa 120. Konteri ilionyesha 114.

Nikashuka, nikaangalia magurudumu ya nyuma, na hapo nikaona kitu ambacho tulikuwa tumekipita kila siku. Mipira ya nyuma, tuliyoinunua mitumba mwaka jana kwa sababu ya bei, ni mikubwa kuliko ile iliyotoka na motokari kiwandani. Namba zilizoandikwa ubavuni hazifanani na za mipira ya mbele. Mpira mkubwa ukizunguka mara moja unakata njia ndefu zaidi, lakini kabule inahesabu mizunguko tu, haijui ukubwa wa mpira. Basi kila tulipokwenda kilometa 120, daftari liliandika 114.

Piga hesabu pamoja nami. Kwa lita 12 kwa kilometa 100, njia ya kilometa 120 inahitaji lita 14 na nusu hivi. Kwa 114 daftari lilimpa papa shofere haki ya lita 13 na robo tatu hivi tu. Tofauti ni robo tatu ya lita kwenda, na robo tatu kurudi: lita 1 na nusu kwa safari. Kwa safari 8 za mwezi ni kama lita 12. Ndizo lita tulizokuwa tunasema ameziiba.

Na kuna jambo la kutisha kuliko mazutu. Konteri yetu ikisema 60, kwa kweli tunakwenda 63. Ikisema 80, tunakwenda 84. Na wakati ilipokuwa imekufa kabisa, papa shofere alikuwa anakisia tu, kwenye barabara moja na makamiyo makubwa ya madini, nyuma kumejaa magunia na mara nyingine wamama wamekaa juu yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ambayo freni inahitaji ili kuisimamisha motokari inaongezeka kama mara nne. Sisi tulihangaika na daftari. Hakuna aliyeuliza: huyu baba anajuaje mwendo wake, na watu wetu wako nyuma?

Kwa ajili ya vikundi vingine vyenye motokari ya zamani, hii hapa njia ya kupima mwendo hata bila simu ya bei. Tafuta mahali palipo tambarare penye alama mbili zilizoachana kilometa 1. Shofere aende mwendo mmoja bila kubadilisha, na mwingine ahesabu sekunde kwa saa. Ikichukua sekunde 120, mnakwenda 30 kwa saa. Sekunde 90 ni 40. Sekunde 72 ni 50. Sekunde 60 ni 60. Sekunde 45 ni 80. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukufanyia hesabu yoyote nyingine: gawanya 3600 kwa sekunde ulizopata. Linganisha na kile mshale ulichosema, mtajua konteri yenu inadanganya kiasi gani.

Kumbukeni pia kwamba motokari mpya zaidi hazina kabule hii. Zina kifaa kidogo kwenye bwati au kwenye magurudumu kinachotuma alama kwa nyaya za umeme. Kwa hizo, anzeni kwa fuzi na mahali nyaya zinapoungana, kabla ya kukubali kununua konteri. Lakini utaratibu ni uleule: anza na kilicho rahisi na kisicho na gharama, na usibadilishe piesi kabla ya kuona ugonjwa wake.

Tulikutana tena siku ya posho. Niliweka uzi uliokatika juu ya meza, mahali palepale daftari lilipowekwa. Nilieleza yote niliyowaandikia hapa, pamoja na maneno niliyomjibu papa shofere kwenye mlango wa kanisa. Hayo yalinitoka kwa shida, lakini yalitoka. Halafu nikachukua barua na kuipasua mbele ya wote. Tukamwita kutoka chini ya mti wa maembe, na safari hii tulimpa kiti. Mama prezidenti alisimama kwa niaba yetu akamwomba msamaha. Mama mtunza feza naye alisimama, akasema: "Papa, mimi nilihesabu vizuri. Lakini nilihesabu namba za uongo." Nafikiri hilo ni neno la haki. Hakukosea hesabu; sisi sote hatukuwa tumeuliza namba zilitoka wapi.

Papa shofere alinyamaza kidogo. Nilidhani atadai kitu, na angekuwa na sababu. Alisema: "Wamama, mimi sina kinyongo. Ninaomba kitu kimoja. Kwenye daftari kuna mahali pa kilometa, mahali pa lita, mahali pa franga. Hakuna mahali pa kile shofere alichosikia njiani."

Jioni ile nilichukua rula na kalamu, nikapiga mstari mpya kwenye kila ukurasa. Juu yake niliandika: "Shofere amesema nini." Mbele yake kuna sehemu ndogo ambapo mmoja wetu wa kamati lazima aweke sahihi kwamba amesoma. Wiki hii papa shofere ameandika hapo: "Freni ya kushoto inalia kidogo wakati wa kushuka." Nimeweka sahihi, na kesho asubuhi motokari inakwenda kwa fundi kabla ya kwenda shambani. Wanaongoja mboga zao siku hiyo, mtuvumilie kidogo, zitafika mchana.

Mbaki salama.

Mwalimu wenu, mwandishi wa ushirika